Dakika Ishirini za Upande Mmoja

Ukimuuliza mpenzi wa roki ya progresivu muziki huo ni upi hasa, mara nyingi atakutajia viungo vyake: nyimbo ndefu, mapigo yasiyogawanyika kwa nne, vinanda vingi, mashairi ya wafalme na manabii, majalada yenye picha za nchi zisizokuwapo. Yote ni kweli, na yote hayatoshi. Ziko nyimbo za dakika kumi zenye kila kiungo hicho ambazo hazinisogezi hata kidogo, na ziko nyingine zenye viungo viwili tu ambazo siwezi kuzikatisha katikati.

Nimeusikiliza muziki huu kwa miaka mingi, na nina msimamo ninaotaka kuutetea hapa. Roki ya progresivu ni roki yenye kumbukumbu. Wimbo unaanza na mahadhi fulani, unayaacha, unakwenda mbali mpaka msikilizaji anayasahau, kisha unayarudisha yakiwa yamebeba kila kilichotokea njiani. Mahadhi yaleyale, lakini sasa yana uzito ambao mwanzoni hayakuwa nao. Urefu, vinanda na mapigo ya ajabu ni njia za kufika hapo. Na kilichoipa roki nafasi ya kukumbuka ni kitu cha plastiki: upande mmoja wa santuri ya inchi 12.

Santuri ndefu ililetwa na kampuni ya Columbia ya Marekani mwaka 1948. Ilizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na kila upande uliweza kubeba dakika ishirini na kitu. Ukilazimisha zaidi ya hapo mifereji inabanana, na sauti inapungua nguvu. Waliofaidika kwanza ni wasikilizaji wa simfonia, ambao hapo awali walilazimika kubadilisha santuri kila baada ya dakika chache, kisha wanamuziki wa jazi. Roki yenyewe iliendelea kuishi kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, dakika tatu za redioni na basi. Albamu nzima ilikuwa kapu la nyimbo zilizokwisha kuuzwa pamoja na nyingine za kujazia.

Mwaka 1967 mambo yakaanza kubadilika. The Beatles walitoa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, na vijana wengi wa Uingereza wakaona kuwa albamu inaweza kuwa kitu kimoja. Mwezi Novemba mwaka huohuo The Moody Blues wakatoa Days of Future Passed, inayosimulia siku moja kuanzia alfajiri hadi usiku, bendi ikisindikizwa na okestra. Ninaiheshimu, ila kwangu bado haijafika: bendi na okestra zinapokezana zaidi kuliko zinavyozungumza. Mchango wake mkubwa uko kwenye kinanda alichokipiga Mike Pinder, ambaye kabla ya kuwa mwanamuziki maarufu alikuwa amefanya kazi katika kampuni iliyokitengeneza, huko Birmingham na vitongoji vyake. Kinanda hicho ni Mellotron.

Mellotron inastahili kuelezwa, maana bila kuijua hutaelewa kwa nini albamu nyingi za wakati ule zina huzuni ileile. Chini ya kila kitufe kuna utepe wenye sauti halisi iliyorekodiwa, ya fidla, ya filimbi au ya kwaya. Ukibonyeza, utepe unavutwa na sauti inasikika. Baada ya sekunde nane hivi utepe unakwisha, na sauti inakatika hata kama kidole bado kiko pale, kwa hiyo mpigaji lazima apange vidole vyake akijua kuwa hakuna sauti inayodumu. Tepe hazivutwi kwa usawa kamili, na ndiyo sababu sauti inayumba kidogo, kama fidla zinazosikika kutoka chumba cha pili. Vijana wasiokuwa na fedha za kukodi okestra walipata okestra inayotetemeka. Kutetemeka kwenyewe kukawa sehemu ya muziki.

Halafu ikaja tarehe 10 Oktoba 1969, siku ilipotoka In the Court of the Crimson King ya King Crimson. Bendi ilikuwa haijatimiza hata mwaka. Mwezi Julai walikuwa wamepiga katika bustani ya Hyde Park jijini London, mbele ya umati mkubwa uliokuja kuwaona The Rolling Stones, na jina lao likaanza kutajwa. Jalada ni uso mwekundu unaopiga kelele, mdomo wazi, macho yakitazama pembeni kwa hofu. Aliyeuchora, Barry Godber, alifariki Februari 1970 akiwa na umri wa miaka 24. Ndani mna nyimbo tano tu. Wa kwanza unafungua kwa gitaa na saksafoni zikifoka kwa pamoja huku sauti ya Greg Lake ikiwa imechakazwa makusudi; wa pili ni utulivu wa filimbi. Kuwekwa kwa hizo mbili bega kwa bega ndiko kulikoshtua watu. Wimbo wa mwisho, wenye jina la albamu, unajengwa juu ya mahadhi ya Mellotron yaliyotungwa na Ian McDonald, na kila yanaporudi yanakuwa mazito zaidi. Unadhani umekwisha, kimya kinaingia, halafu sauti ndogo kama ya filimbi inaleta mahadhi yaleyale kama wimbo wa watoto, na ghafla bendi nzima inarudi nayo. Kwangu mimi, muziki huu umezaliwa hapo.

Inasaidia kujua vijana hawa walitoka wapi. Wengi walikuwa Waingereza wa tabaka la kati, waliosikia muziki wa kanisani na wa okestra kabla ya kusikia bluzi. Chris Squire, mpiga besi wa Yes, aliimba kwaya ya kanisa utotoni. Rick Wakeman, mpiga vinanda wa bendi hiyohiyo, alisoma Royal College of Music na kuacha kabla ya kumaliza. Genesis walikutana wakiwa wanafunzi wa shule ya bweni ya Charterhouse. Walipenda roki kwa dhati, ila masikio yao yalikuwa yamezoea muziki ambamo mada inatajwa, inachambuliwa, inarudi. Wakapata pia mazingira ya kuwabeba: kumbi za vyuo vikuu, ambako vijana walikaa chini na kusikiliza, kampuni ndogo kama Charisma, zilizokuwa tayari kusubiri, na kule Marekani, vituo vya redio vya FM vilivyokubali kurusha wimbo wa dakika ishirini bila kuukata.

Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi hatupaswi kuogopa urefu. Nyimbo za bendi za Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa ndefu kiasi kwamba kwenye santuri ndogo zilikatwa, sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa nyuma. Zilikuwa na sura mbili: beti za kisa zikiimbwa taratibu, halafu chemko, magitaa yanaposhikana na ukumbi mzima unainuka. Tofauti ni mwelekeo. Katika dansi, chemko likishaanza kwa kawaida halirudi tena kwenye kisa, kwa sababu kazi imehamia miguuni, na hiyo ni furaha yake. Progresivu inakataa kuachia hapo. Inataka, baada ya machafuko yote, urudishwe kwenye kisa ukiwa mtu mwingine. Ndiyo maana si muziki wa kuchezwa, na anayeutafutia miguu atachoka mapema.

Albamu inayonifanya niwe na hakika ya haya yote ni Close to the Edge ya Yes, iliyotoka Septemba 1972. Ina nyimbo tatu tu. Wimbo wenye jina la albamu unachukua upande mzima wa kwanza, dakika 18 na sekunde kadhaa, na umegawanyika sehemu nne. Jon Anderson aliandika maneno akiwa na riwaya ya Hermann Hesse, Siddhartha, kichwani: mtu anayetafuta amani na kuipata karibu na mto. Mto huo unausikia kabla ya chombo chochote, maji na ndege, ukikaribia polepole. Kisha bendi inalipuka. Dakika kadhaa za kwanza ni ngumu kweli, na ndizo zinazofukuza wageni. Gitaa la Steve Howe linakimbia upande mmoja, besi ya Squire upande mwingine, ngoma za Bill Bruford haziegemei popote, na mara sauti za kuimba zinakata yote kwa mkupuo mmoja na kuyaachia tena. Unahisi hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Lakini wanasikilizana sana. Ghafla fujo inakatika na gitaa linapiga mahadhi mafupi, wazi, ya kuimbika. Yashike hayo. Kila kinachofuata kinatoka humo au kinayakimbia. Beti zinaimbwa, zinarudiwa zikiwa na mdundo uliogeuzwa chini yake, maneno yaleyale yakisimama juu ya ardhi nyingine. Halafu katikati kila kitu kinapungua mpaka inabaki sauti inayoelea juu ya vinanda, na sauti nyingine chini yake zikiimba wimbo tofauti kabisa, pande mbili zisizogongana. Humo ndimo Wakeman anapoingiza ogani ya kanisa, ogani halisi, iliyorekodiwa katika kanisa la St Giles-without-Cripplegate jijini London. Baada ya ogani kunguruma, yale mahadhi ya gitaa yanarudi kwenye kinanda yakiwa yametiwa giza, solo ya ogani ya Hammond inafuata kwa kasi, na mwishoni wanaimba ule wimbo wa taratibu wa katikati kwa nguvu zote, bendi nzima chini yake. Kilichokuwa sala ya mtu mmoja kimekuwa tangazo la wote. Kisha ndege na maji.

Jambo linalonishangaza ni kwamba hawakuweza kuupiga wimbo huu kwa mkupuo mmoja walipokuwa wakiurekodi. Walitunga kipande, wakakifanyia mazoezi, wakakirekodi, na fundi wao Eddy Offord akaunganisha tepe kwa wembe na gundi. Umoja unaousikia ulijengwa kipande kwa kipande katika studio ya Advision, na baadaye bendi ikalazimika kujifunza kuupiga jukwaani kama kitu kimoja. Bruford hakusubiri hilo. Aliondoka baada ya kurekodi na kujiunga na King Crimson, akiamini kuwa hapo Yes hawangeweza kupanda zaidi. Nampenda Alan White aliyemrithi, ila katika hili nakubaliana na Bruford.

Mwezi mmoja baadaye, Oktoba 1972, Genesis walitoa Foxtrot. Karibu upande wote wa pili ni Supper's Ready, dakika 23 hivi, sehemu saba. Wengine huuweka juu ya Close to the Edge, na siwalaumu. Yes wanakupa usafi wa jengo. Genesis wanakupa watu, hofu, vichekesho na Kitabu cha Ufunuo. Wimbo unaanza chumbani, wapendanao wawili wakiangaliana na mmoja anaonekana kubadilika sura. Baada ya hapo kuna vita, kuna bustani ya wendawazimu ambamo Peter Gabriel jukwaani alivaa kinyago cha ua, na kuna ile sehemu ya sita iliyotajwa kwa mapigo yake, tisa kwa nane. Besi, gitaa na ngoma vinarudia mdundo mmoja wenye mapigo tisa, bila huruma, na juu yake Tony Banks anapiga ogani kana kwamba hausikii, akihesabu kivyake. Mara wanakutana, mara wanaachana. Aliyekulia karibu na ngoma zetu, ambapo mkono mmoja unahesabu tatu na mwingine mbili, hatapata shida hapo. Atatambua mvutano wake mara moja. Na pale mvutano unapofika mahali usipoweza kuvumilika, mahadhi ya wale wapendanao wa mwanzo yanarudi juu ya radi yote hiyo, Gabriel akiyaimba kwa koo lililokaribia kupasuka. Baada yake yanarudi mahadhi ya sehemu ya pili, sasa yakitangaza Yerusalemu Mpya. Ukiusikiliza mwisho huo peke yake ni wimbo mzuri wa kwaya. Ukiwa umetoka nao chumbani, ni jambo lingine.

Mwaka uliofuata Genesis walitoa Selling England by the Pound, ambayo kwa sauti na utunzi wa nyimbo mojamoja ni bora kuliko Foxtrot. Katika Firth of Fifth, Banks anafungua kwa piano peke yake, kisha katikati filimbi inaleta mahadhi mengine, na baadaye gitaa la Steve Hackett linayachukua yaleyale ya filimbi na kuyanyoosha mpaka yanakuwa kilio. Dakika tisa na nusu, na kanuni ni ileile.

Pink Floyd wana njia yao. Wengine hukataa hata kuwaita progresivu kwa sababu hawakuwa na haraka ya vidole kama wenzao. Mimi nawaweka ndani kwa sababu ya Echoes, upande wote wa pili wa Meddle ya 1971: noti moja ya juu ya piano ya Rick Wright, ikipitishwa kwenye spika inayozunguka, inalia kama mlio chini ya maji. Wimbo unakwenda, unapotea kwenye giza ambalo gitaa la David Gilmour linalia kama ndege wa baharini, na ile noti moja ndiyo inayoturudisha. Kumbukumbu nzima imewekwa kwenye noti moja! The Dark Side of the Moon, ya Machi 1973, haihitaji utetezi wangu. Ilikaa kwenye chati ya albamu ya Billboard wiki 741 kati ya 1973 na 1988. Nitaongeza jambo moja tu. Katika Money mdundo una mapigo saba, saksafoni inapiga solo juu ya saba hizo, lakini gitaa linapoingia bendi inahamia kwenye nne za kawaida. Watu mamilioni wameipenda bila kuhesabu, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Jethro Tull walitoa jibu la ajabu kwa mwaka huohuo wa 1972. Wakosoaji waliisifu albamu yao iliyotangulia, Aqualung, kuwa albamu ya dhana moja, yaani yenye wazo moja tangu mwanzo hadi mwisho, na Ian Anderson, kiongozi wa bendi, alikanusha. Akaamua kuandika albamu ya dhana moja kupita zote, ili kuuonyesha ulimwengu jinsi jambo hilo linavyoweza kuwa. Thick as a Brick ni wimbo mmoja wa takriban dakika 44, uliokatwa mahali pamoja tu kwa kuwa lazima santuri igeuzwe. Jalada lake ni gazeti zima la mji wa kubuni, lenye habari, matangazo na fumbo la maneno, na maneno ya wimbo yanadaiwa kuwa ya mtoto wa miaka minane, Gerald Bostock, ambaye hakuwahi kuwapo. Iliandikwa kwa mzaha, na muziki wake ni wa dhati kabisa. Gitaa dogo la kuanzia na filimbi yake vinapita chini ya albamu nzima, na sauti zile za mwanzo ndizo zinazofunga upande wa pili. Ilishika namba moja Marekani. Sijui albamu nyingine ya progresivu inayosikilizika kwa wepesi kama hii kwa dakika zote hizo.

Hapa namtaja mtu wetu. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Watu wanapomkumbuka wanafikiria viwanja vilivyojaa. Mimi nawaomba wasikilize Queen II ya 1974. Pande zake hazikuitwa A na B bali Nyeupe na Nyeusi, na upande Mweusi wote aliutunga yeye. Nyimbo zinashikana, moja inaingia ndani ya nyingine, na The March of the Black Queen unabadilika sura mara nyingi ndani ya dakika zaidi ya sita. Queen hawakuwa bendi ya progresivu kwa jina, ila upande ule unajua vizuri santuri ilikuwa inatumiwaje na majirani zao wa London. Bohemian Rhapsody ya mwaka uliofuata, isiyokuwa na kiitikio, haikutoka hewani. Ilifanyiwa mazoezi hapo.

Nje ya Uingereza, waliouelewa muziki huu haraka kuliko wote ni Waitalia. Pawn Hearts ya Van der Graaf Generator, albamu ya 1971 ambayo kwao haikupata wasikilizaji wengi, ilishika namba moja Italia. Upande wake wa pili ni kisa cha mlinzi wa mnara wa taa anayeona meli zikizama na hawezi kuziokoa, Peter Hammill akiimba kama anayekabwa, bila gitaa la kawaida la roki kutawala. Ogani na saksafoni za David Jackson ndizo zinazobeba. Ni albamu ngumu. Waitalia wenyewe walitoa Premiata Forneria Marconi, na Per un amico yao ya 1972 ina utamu wa mahadhi ambao Waingereza wachache waliufikia. Ufaransa ilikuwa na Magma, ambao mpiga ngoma wao Christian Vander alibuni lugha nzima ya kuimbia.

Sasa niseme palipoharibika, kwa sababu lawama nyingi dhidi ya muziki huu ni za haki. Desemba 1973 Yes walitoa Tales from Topographic Oceans: santuri mbili, pande nne, wimbo mmoja kila upande, msingi wake ukiwa tanbihi moja katika kitabu cha Paramahansa Yogananda. Kuna dakika nzuri sana humo, hasa upande wa kwanza na wa nne. Lakini pande za kati zinajazwa. Kipimo cha santuri, kilichokuwa nafasi, kimegeuka kuwa deni la kulipwa. Ni dakika ishirini kwa sababu plastiki ni ya dakika ishirini. Mada zinarudi kabla hujapata sababu ya kuzikosa. Wakeman mwenyewe hakuipenda, na aliondoka mwaka 1974. Emerson, Lake & Palmer, ambao upande wa kwanza wa Tarkus wa 1971 bado unanisisimua kwa mapigo yake ya tano, walifuata njia ileile ya ukubwa kwa ajili ya ukubwa.

Ndipo wakaja vijana wa panki, mwaka 1976, na Johnny Rotten, mwimbaji wa Sex Pistols, akivaa fulana ya Pink Floyd aliyoiandika juu yake kwamba anawachukia. Hadithi husimuliwa kana kwamba siku hiyo progresivu iliuawa. Lakini mwaka 1977, alipoalikwa kwenye redio moja ya London kupiga muziki anaoupenda, kijana huyohuyo alipiga nyimbo za Peter Hammill. Alichokichukia ni uvimbe. Ukali ulio katika Pawn Hearts aliutambua kama wake.

Na kabla ya panki hawajafika, King Crimson walikuwa wameshajibu. Red ilirekodiwa katika kiangazi cha 1974, na mpiga gitaa wao Robert Fripp aliivunja bendi kabla albamu haijatoka. Wamebaki watatu, Fripp, John Wetton na Bruford, pamoja na wageni wachache. Hakuna wimbo wa upande mzima. Starless, unaofunga albamu, una dakika 12. Mellotron na gitaa vinaleta mahadhi ya huzuni tupu, Wetton anaimba beti zake taratibu, kisha sauti ya kuimba inanyamaza na hairudi tena. Fripp anaanza kupiga noti moja. Anairudia, na kuirudia, huku besi ikitembea chini yake kwa mapigo kumi na matatu. Noti inapanda hatua ndogo. Ngoma zinaongeza kokoto kwanza, kisha mawe. Noti inapanda tena. Mtu anayesikiliza kwa mara ya kwanza hajui anapelekwa wapi, anajua tu hawezi kutoka. Halafu inavunjika, kila kitu kinakimbia, saksafoni zinapiga mayowe, na juu ya mbio hizo mahadhi ya mwanzo yanarudi, makubwa, bila maneno, kwa sababu maneno hayahitajiki tena. Kila nilichokisema kuhusu kumbukumbu kimo katika dakika hizo kumi na mbili. Fripp na wenzake walithibitisha kuwa kanuni haikuhitaji hata upande mzima.

Waliofuata baada ya hapo nitawapitia kwa haraka. Rush wa Kanada, baada ya albamu yao ya 1975 kutouzika, walitakiwa na kampuni watunge nyimbo fupi. Wakatoa 2112 mwaka 1976, upande wa kwanza wote wimbo mmoja, na ndiyo iliyowaokoa. Marillion walitoa Misplaced Childhood mwaka 1985, nyimbo zikimiminika bila kukatika, na ikashika namba moja Uingereza wakati ambapo kila mtu aliamini zama zimepita. Kisha ikaja sidii, dakika zaidi ya sabini bila kugeuza chochote, na hapo naona muziki huu ulipoteza nidhamu iliyoulea. Mwaka 2009 Transatlantic walitoa The Whirlwind, kazi moja ya dakika 77. Wapigaji ni hodari kupita kiasi, mahadhi yanarudi inavyotakiwa, lakini sikio la binadamu haliwezi kutamani kitu lilichokisikia saa moja iliyopita na vingine ishirini vikiwa vimepita katikati. Steven Wilson alilielewa hilo. Fear of a Blank Planet ya bendi yake, Porcupine Tree, 2007, ina dakika 50 hivi, urefu wa santuri ya zamani, na wimbo wake wa kati, Anesthetize, una zaidi ya dakika 17. Ni albamu ya kizazi cha simu na vidonge, na inapigwa kwa ukali ambao miaka ya sabini haikuujua.

Kama hujawahi kuusikiliza muziki huu na umefika hapa, anza na Wish You Were Here ya Pink Floyd, ya 1975. Wimbo wake mkuu, wa kumwomboleza Syd Barrett, mmoja wa waanzilishi wa bendi, umekatwa vipande viwili, kimoja kinafungua albamu na kingine kinaifunga, na nyimbo tatu zimewekwa katikati. Hutahitaji maelezo. Ukitoka hapo nenda Selling England by the Pound, kisha Close to the Edge, na usiihukumu hii ya pili kabla hujaisikiliza mara ya tatu. Zima ile programu ya kuchanganya nyimbo, na uhakikishe simu yako haiweki kimya kati ya wimbo na wimbo, maana albamu nyingi kati ya hizi zinaharibiwa na sekunde mbili tu za pengo. Thick as a Brick iwekee siku ambayo una saa nzima. Pawn Hearts iache mpaka utakapokuwa umempenda Hammill kwa wimbo mfupi kwanza, na Tales from Topographic Oceans isikilize ukishazijua nyingine zote, ukianza na upande wa nne.